Sakafu Iliyokunywa Ardhi

Ufa ulijitokeza saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya wageni kumi na wawili, na kabla ya saa tano ulikuwa umetoweka.

Mhandisi Milembe Luhende alikuwa amepiga goti juu ya zege, ameshika kioo cha kukuzia kilichounganishwa na skrini kubwa nyuma yake. Wageni walikuwa wahandisi kutoka bandari kavu za nchi nne. Walikuja Isunga Mpya kuona kwa macho yao kitu walichokuwa wakikisoma tu kwenye majarida: sakafu hai.

"Tazameni hapa kwenye ukingo," alisema. "Anakuja."

Mbebakasha akaja. Ilikuwa mashine yenye urefu wa nyumba ya ghorofa nne, magurudumu ishirini na manne, na haikuwa na dereva wala mahali pa kukaa dereva. Tumboni mwake ilining'iniza makasha manne ya shehena. Pamoja na mzigo, ilikuwa na uzito wa tani mia tatu na kumi. Ilipopita, wageni waliusikia mtetemo ukipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Zege liliinama kiasi cha unene wa karatasi, likarudi. Kwenye skrini, mstari mweusi mwembamba kuliko unywele ukafunguka.

Milembe aliwaeleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara mia. Zege lina nguvu likibanwa, lakini likivutwa ni dhaifu. Gurudumu zito linapolikandamiza kwa juu, upande wa chini unavutika, na huko ndiko nyufa huanzia, hasa pembeni na kwenye kona, mahali ambapo sakafu haina jirani wa kuisaidia kubeba. Ndiyo maana wahandisi wa zamani hawakuwa na dawa nyingine ila kuongeza unene na nondo. Kwa mashine kama ile wangemwaga zege la sentimita hamsini na mbili. Sakafu ya Isunga Mpya ilikuwa na sentimita ishirini na nne tu.

"Siri ni viponyi," alisema. Hilo ndilo jina alilowapa bakteria waliolala ndani ya zege lake, mamilioni kwa mamilioni katika kila konzi. Ufa ukifunguka, unyevu huingia. Unyevu ukiwafikia, huamka, hula chakula walichowekewa, na wanachokiacha ni chokaa inayogeuka jiwe. "Hatuizuii sakafu isipasuke. Tunaiacha ipasuke kidogo kidogo, na kila mara inajiponya."

Walisubiri. Mstari mweusi ukawa wa kijivu, kisha mweupe, kisha haukuwepo. Wageni wakapiga makofi.

"Na maji?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani. "Viponyi wengi hivi wanakunywa wapi?"

"Tunavuna mvua. Tuna tangi kubwa. Na chini ya zege kuna tabaka la utambi linaloshika unyevu wa ardhini." Milembe alilijibu swali hilo haraka kuliko mengine yote, akafunga kioo chake.

Mkurugenzi wa bandari, Bwana Mwasenga, akawachukua wageni kwenda kula. Milembe alibaki kukusanya vifaa vyake. Hatua chache kutoka pale, mwanamume wa miaka kama sitini alikuwa amechuchumaa juu ya kiungo, yaani mfereji mwembamba unaotenganisha kipande kimoja cha sakafu na kingine, akichokoa kokoto zilizonasa humo kwa chuma chenye ndoano. Kokoto moja ikikandamizwa na gurudumu hulimega zege ukingoni, na mashine za kufagia hazikuwa na uwezo wa kuing'oa iliyokwisha kubana. Kazi hiyo bado ilihitaji mkono wa mtu.

"Shikamoo, fundi," Milembe alimsalimu. Alimwita hivyo kwa mazoea tu.

"Marahaba, Mhandisi. Ila mimi si fundi tena. Naitwa mfagiaji." Aliinuka polepole, mkono kiunoni. "Jina langu Nchambi. Naomba nikuulize jambo, kama hutachukia. Nimelisubiri tangu Februari, siku niliyoanza kazi hapa."

"Uliza tu, mzee."

"Nyumba imejengwa. Msingi umechimbwa futi nne, tofali zimechomwa zikaiva, mchanganyiko umepimwa kwa ndoo na si kwa macho. Miaka inapita, imetulia. Halafu inapasuka. Huyo aliyejenga alikosea wapi?"

Milembe alimtazama vizuri. Hakuwa mtu wa kupiga soga. Alikuwa anauliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari.

"Nyumba ya nani?"

"Zangu. Nilizojenga mimi. Pale Mwanhelela, nyuma ya uzio wenu. Thelathini na saba." Alisafisha koo. "Mwaka jana mwezi wa Mei ukuta wa moja ulianguka mchana. Kulikuwa na mtoto ndani, Minza, miaka tisa, amelala ana homa. Mama yake alikuwa ameenda kumchukulia dawa. Mahakama ikasema ni uzembe wangu. Nikafungwa miezi sita na cheti changu kikafutwa. Sibishi. Ukuta niliujenga mimi. Ila sijui kosa langu, Mhandisi. Nimezipitia kichwani kozi zote za ukuta, mstari kwa mstari, tofali kwa tofali, sijaliona. Sasa naitazama sakafu yako hii inabeba madude yale kutwa na haina hata mkwaruzo. Mimi nyumba ya paa la mabati yenye watu watatu ilinishinda. Nifundishe tu. Sitaki cheti. Nataka nijue."

"Nyufa zilikaaje?"

Nchambi alichuchumaa tena, akachora kwa kidole kwenye vumbi. "Pana juu, zinafinyika zikishuka. Na kuta zinainama."

"Zinainamia wapi?"

"Huku." Alionyesha chini, pale waliposimama. "Bandarini. Ule ukuta nao uliangukia huku."

"Na nyingine?"

"Zote. Zote zinainamia huku."

Milembe alijua jambo ambalo hakimu hakulijua: nyumba mbovu huinamia popote. Nyumba thelathini na saba zikiinamia upande mmoja, kuna kitu huko kinachozivuta.

Alasiri ile alitoka kwa lango la nyuma, akaenda Mwanhelela kwa miguu pamoja na Nchambi. Alichukua timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mafundi waliutumia kunyoosha kuta miaka mingi kabla ya mashine. Aliushikiza kwenye ukuta wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila mara chuma kilining'inia mbali na ukuta, na kila mara ni kwa upande uleule. Kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na uzio, ndivyo ilivyoinama zaidi. Watu waliwatazama kutoka barazani. Walimsalimu yeye. Nchambi hakusalimiwa na mtu.

Udongo wa Mwanhelela ulikuwa mfinyanzi mweusi wa mbuga. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Milembe alikuta ardhi imepasuka vipande vipande, na kwenye mpasuko mmoja aliingiza mkono wake hadi kiwiko bila kugusa mwisho.

"Kisima kile kilikauka lini?" aliuliza, akionyesha kisima kitupu kando ya njia.

"Huu mwaka wa pili," alisema Nchambi. "Walisema ni ukame."

Neno hilo lilimchoma. Hakumwambia kwa nini. Alimshukuru, akarudi ofisini mwendo wa haraka, akafunga mlango.

Uwanja wote uliendeshwa na akili mnemba waliyoiita Mratibu. Ndiyo iliyowaongoza wabebakasha, na ndiyo iliyosoma nyuzi-hisi, zile nyaya nyembamba kama uzi wa kushonea zilizotandazwa ndani ya zege na chini yake kupima uzito, joto na unyevu.

"Mratibu," alisema Milembe. "Mwaka huu sakafu imekunywa maji kiasi gani?"

"Lita milioni arobaini na moja," ilijibu sauti, tulivu kama kawaida.

"Tangi limetoa kiasi gani?"

"Lita milioni tisa."

"Zilizobaki zimetoka wapi?"

"Zimepanda kutoka ardhini kupitia tabaka la utambi. Mita nne chini kuna tabaka la mchanga linaloleta unyevu kutoka pembeni. Udongo umekauka hadi umbali wa mita mia tano na sitini nje ya uzio."

Milembe aliona yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Aliichora sakafu ile kwa ajili ya mashine za tani mia moja na themanini. Miaka mitatu iliyopita bandari ilileta hizi kubwa, akaulizwa kama sakafu itahimili, akajibu kwa neno moja: "Itajiponya." Na kweli ilijiponya. Lakini mzigo ulikaribia kuongezeka maradufu, nyufa zikaongezeka mara kumi, na kila ufa ulikuwa mdomo. Tangi liliposhindwa kuwanywesha, viponyi walinywa ardhi. Ardhi ikanywea. Sakafu yake haikupasuka kwa sababu nyumba za watu zilipasuka badala yake.

"Kwa nini hukutoa tahadhari?" aliuliza hatimaye, na sauti yake mwenyewe ilimsikitisha.

"Nilitoa," ilisema Mratibu. "Tarehe kumi na nne Machi, mwaka jana. Uliifunga baada ya dakika mbili kwa maelezo haya: ukame wa msimu."

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa akijiandaa kusafiri kwenda kupokea tuzo ya usanifu. Begi lilikuwa mlangoni. Aliiona tahadhari, akaona tarakimu zimepanda isivyo kawaida, na kwa sekunde chache kitu fulani kilimgusa moyoni. Kisha akajiambia kwamba mvua zilikuwa chache mwaka ule, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaandika maneno matatu, akaondoka. Aliporudi hakufungua tena ukurasa ule. Alikuwa na sababu nyingi za kutoufungua, na zote zilikuwa nzuri.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Mwasenga kabla mkurugenzi huyo hajaketi vizuri. Alimweleza kila kitu, akamwekea ramani mezani. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na Milembe alikuwa akimheshimu.

"Unapendekeza nini?"

"Tuwapunguzie wabebakasha mzigo hadi tani mia moja na themanini, leo. Tuukate utambi. Halafu tuvunje kipande kwa kipande, tumwage zege nene lenye nondo."

"Hiyo ni nusu ya bandari, kwa miaka miwili." Mwasenga alivua miwani. "Milembe, chakula cha mikoa mitano kinapita juu ya sakafu hii. Dawa za hospitali zinapita hapa. Unajua hayo."

"Najua."

"Basi tufanye taratibu. Tuwahamishe watu wa Mwanhelela, tuseme tunapanua bandari. Wajengewe nyumba nzuri kuliko zile. Hakuna atakayeumia, na hakuna haja ya kutaja sakafu."

"Kuna mtu alifungwa, mzee. Na kuna mtoto kwenye kaburi."

"Kutaja sakafu hakutamfufua."

Milembe aliitazama ramani. Lilikuwa jibu la busara, lenye huruma ndani yake, na alihisi jinsi lilivyomvuta. Angeweza kulikubali. Watu wangepata nyumba, yeye angebaki na jina lake, na sakafu ingeendelea kuitwa hai. Nchambi angeendelea kuchokoa kokoto na kupitia kozi zake kichwani hadi afe.

"Naomba samahani," alisema, akatoka.

Kwa sheria za ujenzi za wakati ule, hakuna sakafu ya mizigo mizito iliyoruhusiwa kutumika bila sahihi hai ya msanifu wake. Sahihi hiyo ilikaa ndani ya Mratibu, na aliyeiweka aliweza kuiondoa. Tangu sheria itungwe hakuna aliyekuwa amewahi kuiondoa. Milembe alisimama ukingoni mwa uwanja, akaweka kidole gumba kwenye kibao chake.

"Naondoa sahihi yangu."

"Sababu?" iliuliza Mratibu.

"Sakafu inaua watu nje ya uzio."

Wabebakasha sitini na wanne walisimama palepale walipokuwa, wengine makasha yakiwa bado yananing'inia. Mtetemo uliokuwa ndani ya ardhi ya Isunga Mpya kwa miaka sita ukakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Milembe alisikia mbuzi akilia mbali, ng'ambo ya uzio. Simu yake ilianza kuita. Aliizima, akaelekea lango la nyuma.

Watu wa Mwanhelela walikuwa wameshatoka nje. Hakuna aliyewaita, kimya ndicho kilichowatoa. Walisimama barabarani wakitazama upande wa bandari kwa hofu. Nchambi naye alifika, chuma chake cha ndoano bado mkononi, kwa kuwa kazi ilikuwa imesimama.

Milembe alisimama mbele ya nyumba ambayo upande wake mmoja ulikuwa umezibwa kwa mabati mahali palipokuwa na ukuta. Hakuichagua, ndipo watu walipokuwa wengi. Alisema jina lake na kazi yake. Kisha akawaeleza, bila maneno ya kitaalamu, kwamba sakafu ya bandari inakunywa maji ya ardhi yao, kwamba udongo ukikauka unashuka, na nyumba juu yake zinashuka nao. Aliwaambia kisima hakikukaushwa na jua. Aliwaambia nyumba zao zilijengwa vizuri.

"Zilijengwa vizuri sana," alirudia, akimtazama Nchambi. "Zingejengwa ovyo zingeanguka mwaka wa kwanza. Nimeshaandika maelezo yangu kwa mahakama na kwa bodi ya wahandisi. Yametoka asubuhi hii."

Nchambi alikuwa amefungua mdomo kidogo. "Kwa hiyo sikumuua?" aliuliza.

"Hukumuua, fundi."

Alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu katikati ya vumbi, kama mtu aliyetua mzigo na kukuta miguu haijui tena kusimama bila huo mzigo. Kijana mmoja alimkaribia, akasita, akarudi alipokuwa.

Mwanamke mmoja akatoka kwenye nyumba ile iliyozibwa kwa mabati. Watu walimpisha. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, kanga imefungwa kiunoni, mikono ina unga. Milembe hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Wewe ndiye uliyeichora hiyo sakafu?" aliuliza Mama Minza.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua lini?"

Milembe angeweza kusema jana. Isingekuwa uongo mtupu. Jana ndipo alipoelewa. Palikuwa na njia nyingi za kulijibu swali lile, na alizijua zote.

"Mashine iliniambia mwaka jana, mwezi wa Machi. Sikuisikiliza."

"Mwanangu alikufa Mei."

"Najua."

"Machi, Aprili, Mei," alisema Mama Minza polepole, si kwa Milembe bali kwa vidole vyake vyenye unga. Hakupiga kelele. Milembe alitamani apige.

"Mama, sina la kusema. Naomba unisamehe."

Mama Minza akageuka kumtazama Nchambi aliyekaa chini.

"Huyu," alisema, "siku aliyotoka gerezani alikuja hapa, akalala kifudifudi mlangoni pangu. Nikamfukuza. Jumapili iliyofuata akarudi. Nikammwagia maji. Akarudi. Miezi minane alikuwa anakuja. Baba yake Minza alihama nyumba kwa sababu hakuweza kumwona huyu. Mimi nilibaki. Nilijilazimisha. Nilikuwa naamka nasema leo nitaweza, nashindwa. Siku moja nikamwambia, inuka, nimekusamehe. Sikupata usingizi wiki mbili. Nilihisi kama nimemzika mtoto mara ya pili, kwa mikono yangu mwenyewe." Alifuta mikono kwenye kanga. "Huo msamaha ndio niliokuwa nao. Nikampa mtu ambaye hakunikosea. Wewe sina wa kukupa."

"Mama Minza," alisema Nchambi.

Yule mama alimpita bila kujibu, lakini alipompita aliweka mkono wake begani kwake, mara moja, ukaacha alama nyeupe ya unga. Kisha akaingia ndani na kusukuma mlango. Mlango ulikwama, kwa sababu fremu ilikuwa imepinda pamoja na nyumba, ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Aliusukuma tena, kwa bega. Haukwenda. Milembe alimwona kupitia upenyo ule, amesimama amempa mgongo, mpaka alipoacha kusukuma na kwenda kukaa mahali ambapo hakuonekana.